Wimbo Niliodai Kuuagiza

Mke wangu alinikubali kwa sababu ya wimbo, na wimbo wenyewe haukuwa wangu. Nalisema mapema kabisa ili asije mtu akaniona mjanja. Miaka kumi na mitatu nilikaa na uongo ule nyumbani kwetu Temeke, tukalea nao watoto watatu, mpaka bendi iliporudi kupiga tena.

Nianze na bugi. Vijana wa sasa ukiwatajia bugi wanacheka, wanadhani ni mambo ya kihuni. Bugi ilikuwa dansi ya mchana, Jumapili, inaanza saa nane na kumalizika saa kumi na moja, ili wasichana wawahi kurudi kabla baba zao hawajatoka kuswali magharibi. Sie wa Temeke tulikuwa tunakwendaga mpaka Kinondoni kwa miguu, viatu mkononi visishike vumbi, tunavivaa tukishaukaribia ukumbi. Kule ndiko ilikokuwa bendi yetu. Vijana wanne: magitaa mawili ya umeme, besi na dramu. Walikuwa wakipiga roki, wameiga kwenye santuri za Ulaya, na mwimbaji alikuwa anaimba Kiingereza asichokijua mwenyewe. Na sie tulikuwa tunaitikia kwa nguvu zote, wala hatukijui pia. Uhuru ulikuwa mpya, nasi tulikuwa wapya, tukaona kila kitu kimetengenezwa kwa ajili yetu.

Baadaye wakaanza kutunga vya kwao kwa Kiswahili, kwa gitaa lile lile la roki. Mmoja ulikuwa wa polepole. Mwimbaji anaita jina la msichana, anamwambia mlango haujafungwa, arudi nyumbani, wanamngoja. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Lakini akifika kwenye lile jina, ukumbi mzima ulikuwa unanyamaza, na mie nilikuwa nauachia mkono wa ninayecheza naye, sijui kwa nini, maana simjui msichana yeyote mwenye jina hilo.

Ukumbini palikuwa na utaratibu wa vikaratasi. Ukitaka kumpa mtu zawadi ya wimbo, unaandika kikaratasi, unampelekea mwimbaji, naye anakisoma kwenye maiki kabla ya kuanza. Wengi tulimaliza madaftari ya shule kwa kazi hiyo.

Jumapili moja akaja msichana mgeni, gauni la njano, ameletwa na binamu yake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuicheka suruali yangu, iliyonibana mpaka nikikaa naogopa itachanika. Nikamvuta binamu pembeni, nikamwuliza jina la mgeni wake. Akalitaja. Lahaula! Ndilo lile lile la kwenye wimbo.

Nikaandika kikaratasi: jina lake, gauni la njano, kutoka kwa kijana wa Temeke. Nikakipeleka. Mwimbaji akakisoma kimoyomoyo, akanitazama, akakisoma tena. Nilidhani ameuchukia mwandiko wangu. Kisha akakisoma kwenye maiki na kuimba, na macho ya ukumbi mzima yakawa kwenye gauni la njano.

Wimbo ulipokwisha msichana akanijia mwenyewe, jambo ambalo siku zile wasichana hawakulifanya.

"Hawa wamelijuaje jina langu?"

Ningesema kweli, kwamba wimbo ni wa zamani, majina yamefanana tu, pengine angecheka na yangekwisha. Lakini nilimtazama usoni, akili ikanitoka.

"Nimewaagiza mie," nikasema. "Wametunga wiki iliyopita."

"Kwa ajili yangu? Nawe hunijui?"

"Nimekuonaga njiani."

Mwaka uliofuata tukaoana.

Bendi haikudumu. Mwimbaji alikwenda jeshini kujenga taifa, kutoka huko akapelekwa kufundisha kwenye kijiji cha ujamaa huko kusini. Roki ikaanza kusemwa kwamba ni muziki wa kikoloni. Vijana wa chama wakawa wanasimama njiani na chupa ya soda: wanaitumbukiza ndani ya mguu wa suruali yako, isipopita wanaichana hapo hapo. Yangu ilichanwa karibu na kituo cha basi, nikarudi nyumbani nimejifunga gazeti. Magitaa yaliuzwa, sijui kwa nani. Hakuna aliyeirekodi bendi ile, redioni haikuwahi kusikika, na nyimbo zake zilibaki vichwani mwa watu tu.

Wimbo ule ulibaki kichwani mwa mke wangu. Akifua anauimba. Akichambua mchele anauimba. Watoto wote watatu aliwalaza kwa wimbo huo, na majirani aliwaambia bila haya, "Huo ni wimbo wangu, baba watoto alinitungishia." Wanawake wa uani wakawa wanawasema waume zao kwa ajili yangu! Na uongo nao unataka nyongeza. Akiniuliza nilimwambiaje mwimbaji, nikasema nilimpa maneno mwenyewe, tukakaa kwao Kinondoni siku mbili tunayapanga. Mpaka sahani ya ubwabwa niliyokula kwao niliitaja. Mtu mzima mie.

Basi siku moja akarudi kutoka kazini, alikuwa kiwanda cha nguo, anaimba tangu mlangoni. Shirika moja la umma limewakusanya wale vijana wa bendi yetu ya zamani, sasa kila mmoja ana ajira yake, watapiga mchana wa sikukuu ya wafanyakazi kwenye ukumbi wa Chang'ombe. Kadi mbili alikuwa nazo tayari.

"Nitamwona kwa macho yangu," akasema. "Nitamwambia, mwenye wimbo ndiye mie."

Nikasema ukumbi utajaa. Akasema tutawahi. Nikasema pengine si wale, ni watu wamechukua jina tu. Akasema ameuliza, ni wale wale. Asubuhi ya siku yenyewe nikashika tumbo.

"Tumbo litapona huko huko ukumbini," akasema, wala hakunitazama. Alikuwa anapiga pasi jozi ya kanga mpya. Wakati ule kanga zilipangiwa foleni, na hiyo aliifichia sikukuu. Nikamwuliza ya nani. "Ya kumtunza mwimbaji. Mtu amenitungia wimbo, niende mikono mitupu? Una adabu wewe?"

Nilipaswa kusema pale pale. Watoto walikuwa uani, tuko wawili tu chumbani, na pasi inafuka moshi. Nilifungua mdomo, nikasema kanga ni nzuri.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa umri wetu, wengi na kaunda suti zao, wanaume wanashikana mikono na kuulizana wako idara gani. Bendi ikapanda. Jamani! Yule wa gitaa la kwanza, aliyekuwa mwembamba, alikuwa na kitambi kinacholisukuma gitaa mbele. Mpiga dramu hakuwa yule wetu. Mwimbaji alikuwa amekonda, mvi zimemwanzia mapema, amevaa miwani. Waliazima vyombo, na nyuzi madukani hazikuwepo. Mpiga besi alikuwa amefunga waya wa breki ya baiskeli. Walianza na nyimbo mbili za kusifu kilimo, tukapiga makofi ya adabu.

Kisha gitaa likalia roki. Wallahi nilisahau hofu yangu yote. Nilisimama, na watu wote wakasimama, tukaitikia kile Kiingereza chetu cha uongo, na ajabu ni kwamba tulikikumbuka neno kwa neno. Sauti haikuwa ile. Vidole vilichelewa, na mwimbaji palipokuwa pa juu alipakwepa akapitia chini. Niliona uchungu, na nikaona pia kwamba nilikuwa nikimtafuta kijana yule ili kwake nijione mie. Hatukuwepo, yeye wala mie. Lakini magoti yangu yalikuwa yanacheza yenyewe, na mke wangu alikuwa akinicheka kama siku ile ya suruali.

Mwimbaji akainua mkono, tukakaa. Akasema wimbo unaofuata wengi wanaujua. Mke wangu akaichukua kanga kutoka mapajani.

"Nilikuwa sijawahi kusema," mwimbaji akaendelea, taratibu, kama mwalimu darasani, "leo nimekuwa mtu mzima, niseme. Huyu anayeitwa kwenye wimbo ni dada yangu. Alifariki akijifungua, mwaka ule tulipopata uhuru. Mama alikataa kuamini, kila jioni alikuwa anamwekea sahani na hafungi mlango. Mie nikatunga. Nyie mkawa mnauomba kwa vikaratasi kwa ajili ya wachumba zenu." Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. "Sikuwakatalia. Siku moja kikaletwa kimeandikwa jina lenyewe, kumbe yupo msichana mwenye jina lake, amesimama pale amevaa gauni la njano. Siku ile niliimba namwangalia yeye."

Akaimba. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimeyakodolea macho mabega ya mtu wa mbele yangu, naogopa kugeuka. Nikasikia kiti cha mke wangu kinasogea. Nikajua basi, anaondoka, na akiondoka hapa ameondoka kwangu.

Hakuelekea mlangoni. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akapanda zile ngazi mbili, kanga mkononi. Kwa kawaida ya kwetu mtu akipanda kumtunza mwimbaji anacheza, watu wanapiga vigelegele. Yeye hakucheza, na hakuna aliyepiga. Alimtandikia mwimbaji kanga mabegani kwa mikono miwili, kama wanawake wanavyomfunika mfiwa, akamsogelea sikioni akamwambia neno. Mwimbaji akaacha kuimba. Gitaa likaendelea peke yake. Akamwambia neno na yeye, mke wangu akamjibu, na mwanaume yule akavua miwani akajifuta macho mbele ya wafanyakazi wote wale.

Mke wangu hakurudi kukaa. Alinisubiri nje, juani, na nilipotoka akaanza kutembea. Nikamfuata hatua mbili nyuma. Tulipita viwanda vimefungwa kwa sikukuu, tukapita watoto wanacheza mpira, yeye hageuki. Ilibidi nimsemeshe mgongo.

Nikamwambia yote. Kikaratasi, binamu, siku mbili za Kinondoni ambazo hazikuwepo, na sahani ya ubwabwa. Nikamwambia niliogopa atacheka, kisha niliogopa ataondoka, kisha nikazoea.

"Kunidanganya ulinidanganya," akasema bila kugeuka. "Wanaume wote mnadanganya, ningeolewa na nani? Lakini watoto wangu! Watoto wangu watatu nimewalaza kwa msiba wa mtu. Naimba nacheka, nawaambia majirani wimbo wangu, wimbo wangu, kumbe mwenyewe yuko kaburini na mama yake kamwachia mlango wazi. Ungeniambia tu kwamba hujui ni wa nani. Ningeuimba kwa heshima."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hili sikulijua. Miaka yote niliogopa aibu yangu, na wala haikunijia akilini kwamba wimbo ule ulikuwa na mtu ndani yake.

Tulipofika karibu na soko nikapata ujasiri wa kumwuliza alimwambia nini mwimbaji.

"Nimemtajia jina langu."

"Naye?"

"Akaniomba nilitaje tena." Sauti ikamkatika. Akajifuta pua kwa ncha ya kanga aliyojitanda. "Nyumbani kwao, kasema, tangu mama yao afariki hakuna mtu wa kulitaja."

Akazidisha mwendo. Tangu mtoto wa kwanza azaliwe sikuwahi kumwita mke wangu kwa jina. Kwetu mwanamke akishazaa ni mama watoto mpaka anazikwa. Nikasimama pale barabarani, watu wanapita na vikapu vyao, nikalitaja jina lake kwa sauti.

Hakusimama. Akapiga hatua tatu, nne.

"Abee," akasema. Ilikuwa abee kavu, ya mtu aliyenuna, wala hakugeuza shingo. Lakini aliitika.