Vifungo vya Askari wa Deraya

Baba mkwe wangu hajawahi kupanda gari la deraya, lile gari la vita lililovikwa chuma, na akisikia mlio wa fataki tu huingia ndani akafunga dirisha. Lakini mletee picha chakavu ya gari la namna hiyo, yale ya mwanzo kabisa yenye njiti magurudumuni kama baiskeli, atakwambia ni la aina gani na lilibeba nini. Maisha yake yote alikuwa fundi wa kusafisha picha katika chumba cha giza, ndiyo maana watoto wa mtaani humwita Popo. Alipostaafu, watu wa makumbusho wakaanza kumletea picha zao zisizo na maelezo. Hukaa mezani kwangu, kando ya cherehani, kioo cha kukuzia mkononi, akihesabu ribiti, misumari inayounganisha vyuma vya gari.

"Baba, huyu askari mbona kanuna hivi?" nilimuuliza siku moja.

"Askari yupi?" Kweli hakuwa amemwona. "Mimi watu siwaangalii, mwanangu. Mtu hubadili nguo, hubadili na maneno. Chuma hakina unafiki."

Basi wachimba bomba la maji wakagonga kombora katikati ya barabara ya bondeni, karibu na daraja la mawe. Lilikuwa limekula kutu, lakini zima. Kuanzia hapo, sufuria ikianguka jikoni moyo wangu ulianguka nayo, kwa sababu chekechea ya binti yangu Kidoti ipo pale pale, upande wa kushoto wa daraja ukitokea mjini.

Makumbusho walikuwa na picha ya daraja hilo: gari la deraya limezama topeni pembeni yake, na askari wanashusha masanduku shimoni. Baba mwenyewe ndiye aliyeisafisha, kutoka kwenye negativu yake ya zamani, ya kioo. Mkuu wa kikosi cha mabomu akaja nyumbani, akavua kofia.

"Mzee, nataka mawili tu. Lilibeba bunduki au mzinga? Na shimo liko wapi?"

"Mzinga, Afande. Mdogo, lakini mzinga. Hayo masanduku ni makombora." Baba alisogeza picha kwenye mwanga. "Na ona tundu la dereva, liko kushoto. Yote ya aina hii niliyoyaona, dereva hukaa kulia. Hili ni nadra kama jogoo anayetaga!" Alikuwa na furaha ya mtoto. "Mpiga picha alisimama upande wa mjini. Shimo, kama linavyoonekana hapa, liko kushoto kwa daraja."

Siku hiyo hiyo wakazungushia kamba upande wa kushoto. Watoto wa chekechea wakahamishiwa upande wa kulia, kwenye uwanja mtupu, wakapigiwa hema na kutandikiwa mikeka. Wazazi tulishukuru sana.

Kesho yake asubuhi, Kidoti akiwa shuleni, nilikuwa natia vifungo kwenye mashati ya wanafunzi. Baba akanisogezea picha ile nimwone tena jogoo wake. Mimi macho yakaenda kwa watu.

"Baba, hawa wamevaa mashati ya wake zao?"

Akacheka. "Jeshi maskini hilo, mama."

"Si utani. Ona vifungo. Sisi shati la kiume tunatia kulia, la kike kushoto. Hawa wote viko kushoto, hata mkubwa wao mwenye mkanda."

Kicheko kikamkauka mdomoni. Akashika kioo cha kukuzia, na kwa mara ya kwanza nikamwona akimtazama mtu. Kisha akarudi kwenye tundu la dereva, akakaa hapo.

"Nilikigeuza kile kioo cha negativu," akasema, sauti ndogo kama si yake. "Upande wenye dawa niliuweka juu badala ya chini. Picha nzima imegeuka. Wala si nadra, mama. Ni gari la kawaida."

Nilichelewa kuelewa. Kisha nikaelewa. Kushoto ni kulia. Daraja lile pande zote ni pacha, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Hema. Mikeka. Kidoti.

Nikabonyeza namba ya Afande, nikampa Baba simu. "Afande, watoe watoto," alisema. "Kosa ni langu, picha imegeuka. Lakini wasikimbie." Afande hakubishana. Mimi nilikuwa nimeshatoka, pekupeku, na sindano bado imechomekwa kifuani kwa gauni.

Nilipofika kwenye kona, mwalimu alikuwa amewapanga mstari, kila mtoto kashika shati la mwenzake. Aliwaambia wanacheza mchezo wa paka anayenyemelea panya. Walinyanyua miguu polepole na kuishusha polepole, wengine wakizuia kicheko. Afande akanikamata mkono.

"Mama, usimwite. Ukimwita atakukimbilia."

Kidoti alikuwa wa nyuma kabisa. Akaniona. Nikaona mdomo unafunguka, mguu unataka kuruka. Nikaweka kidole midomoni, nikatabasamu, sijui kwa nguvu za nani. Akafunga mdomo. Akanyemelea, paka wangu, hatua kwa hatua, hadi kwenye lami. Hapo ndipo nilipomnyanyua.

Masanduku yalikuwa chini ya mikeka, mbao zimeoza, makombora yamelaliana. Afande alinionyesha kigingi kimoja cha hema: kilikuwa kimechomekwa ardhini, na ncha yake ilikuwa imekwama ubavuni mwa sanduku.

Nyumbani, Baba alimpakata Kidoti.

"Babu, unaniumiza mkono."

Akalegeza. Baada ya kitambo kidogo akabana tena.

Makumbusho bado wanamletea picha. Nilidhani angekataa. Huzipokea, lakini haanzi na ribiti. "Mama Kidoti," huniita, "njoo uniangalizie watu." Nami husimamisha cherehani, nikaenda kuangalia vifungo, na mpaka leo vidole vyangu huwa vya baridi.