Swali Kabla ya Chai

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nyumbani kwa Mama Nafula kule mtaa wa Jericho, nilipofundisha habari za ujasiri huku magoti yangu yakigongana chini ya Biblia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, shahada mpya ya theolojia ukutani na plasta shingoni. Daktari alikuwa amekata kipande cha uvimbe kikapimwe. Majibu yalikuwa tayari wiki tatu nzima, nami sikuyafuata. Watu niliwaambia ni jipu. Mama Nafula, muuza dagaa wa omena na jirani yangu wa ukuta mmoja, ndiye pekee aliyejua. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini msomi huona methali ni za wengine.

Basi nikasoma pale Mungu anapomwamuru Yoshua awe hodari, asiogope, maana atakuwa naye popote aendako. Nikaeleza saa nzima. Nilitaja hata Kiebrania, lugha ambayo nilijua maneno manne, mawili nikiyakosea.

Ushirika wetu wa Biblia ulikuwa na desturi: chai haimiminwi mpaka mzee mmoja amuulize mwalimu swali, naye ajibu. Kwa kawaida swali lilikuwa jepesi, kwa heshima ya birika.

"Mwalimu," Mama Nafula akasema, "Mungu alimwambia Yoshua hivyo mara ngapi?"

"Mara tatu, Mama, pale pale mwanzoni."

"Mtu asiyeogopa huambiwa mara tatu?"

Nikaanza kupekua kurasa.

"Jibu, ndugu, mandazi yanapoa," fundi viatu mmoja akanihimiza kutoka mlangoni.

"Basi alikuwa anaogopa," nikasema.

"Na alivuka mto, ama alikaa ukingoni akieleza maana ya maji?"

Watu walicheka. Mimi nilishika plasta yangu, nikawaambia ukweli wote. Hakuna aliyecheka tena. Waliniombea, kisha chai ikamiminwa, na Mama Nafula akasema, kama mtu anayepanga safari ya sokoni, "Kesho omena itangoja. Twende wote."

Kesho yake, kwenye benchi la hospitali, nilimuuliza, "Na majibu yakiwa mabaya, Mama?"

"Mungu aliahidi kuwa nawe, kijana wangu. Karatasi nzuri hakuahidi."

Jina langu likaitwa. Nikasimama nikitetemeka, nikaingia. Haikuwa saratani. Nilitoka nje. Nikaketi kwenye ngazi nikicheka na kulia, na Mama Nafula akanipa andazi la jana kutoka kwenye leso yake.

Mwanangu, usidhani ujasiri ulikuja na majibu mazuri. Ulikuja kabla ya ule mlango kufunguliwa, nami sikuutambua kwa sababu ulikuwa unatetemeka. Kwa hiyo usione haya kuogopa. Lisome Neno mpaka likuinue kitini, na usipoinuka, mwambie jirani akushike mkono; kidole kimoja hakivunji chawa. Miaka mingi baadaye, nikisoma sura ile bila kutafuta sifa, niliona kwamba Yoshua aliambiwa awe hodari mara ya nne pia, na safari hiyo waliomwambia walikuwa watu.

Leo nakwambia mimi. Mungu akutangulie kwenye mlango unaouogopa, aketi nawe ukingoja jina lako liitwe, na akurudishe nyumbani ukiwa na hamu ya chai.