Gari la Baba Haliuzwi

Mzee aliyenipangisha chumba niliporudi Kigoma kutoka chuo kikuu amefariki. Binti yake alinipigia simu asubuhi nikiwa Bangwe, na alasiri tulikuwa tumeshamzika Ujiji. Moyo ulikuwa umemsumbua muda mrefu. Miguu ilivimba, na hatua chache tu zilimtosha kuishiwa pumzi. Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba sina desturi ya kumsifu mtu kwa sababu tu amekufa. Huyu nilimpenda, na bado nina ugomvi naye. Ugomvi wenyewe ni juu ya gari.

Uani kwake, chini ya turubai, lilikaa gari la Kijerumani la spoti, la milango miwili, limejibanza chini kama chura, injini yake nyuma. Baba yake, mfanyabiashara wa mawese, alilinunua zamani kwa mgeni aliyekuwa akihama, akatamba nalo mjini, kisha akafa. Ndugu walipokaa baada ya arobaini, nyumba zilipata wenyewe, michikichi ikapata wenyewe, lakini gari halikatwi vipande. Wakamwachia yeye kwa kuwa ndiye aliyebaki Ujiji, wakasisitiza kwamba ni mali ya wote. Mali ikawa ya wote, kazi ikawa ya mmoja. Kila Ijumaa akitoka msikitini aliliwasha lingurume kidogo, lisigande. Alikuwa fundi cherehani; gasketi alizikata kwa mkasi wake wa kazi, viti alivishona upya, na mpira wa petroli aliupata kwa mafundi wa injini za boti kule Kibirizi. Kutu ilipokula huku, yeye aliziba kule. Sikumsikia hata mara moja akisema, "Sasa limepona."

Ndugu walilikumbuka gari hilo siku za harusi tu. Mwaka mmoja mpwa wake aliolewa, na mzee, kwa kuwa alikuwa na nguo za harusi za kushona, akamwomba fundi mmoja wa boti aliandae. Fundi akafanya kama anavyofanyia injini zake za ziwani: akachanganya oili ndani ya petroli. Msafara ulipoanza kupanda kuelekea Mwanga, moshi ulifunika tarumbeta na wapigaji wake, kisha gari likazima. Watu wakatoka madukani na ndoo za maji. Mmoja akafungua boneti ya mbele, akakuta tairi la akiba na mkeka. "Jamani! Injini imeibwa!"

"Iko nyuma," mzee akasema, "inapozwa kwa upepo, na haijawahi kunywa maji tangu izaliwe. Weka ndoo chini."

"Mjomba," bibi harusi akaita kutoka ndani, "nifike kwa mume wangu leo, au nirudi kwa mama?"

Tulisukuma, wanawake wakiimba, na mzee kwenye usukani akicheka mpaka machozi. Nilidhani ni furaha. Siku hizi nadhani alikuwa amechoka tayari.

Maradhi yalipozidi, madaktari walisema apelekwe Dar es Salaam. Familia haikuwa na njia nyingine ya kupata fedha za kumfikisha huko ila kuuza gari. Binti yake akatafuta mnunuzi, akampata, mtu mwenye hamu kweli. Mzee akampigia simu dada yake aliyeko Mwamgongo, na sote tulisikia jibu: "Kaka, gari la Baba haliuzwi." Niliwaka. Nikamwambia mzee kwamba dada yake huyo hajawahi kulinunulia hata plagi.

"Si yeye, mwanangu," akasema. "Hata angesema uza, mimi nisingeweza. Baba aliniambia nilitunze. Hakuniambia mpaka lini."

"Baba amekufa, Mzee."

"Ndilo tatizo. Angekuwa hai ningemwomba ruhusa."

Mnunuzi akachoka kusubiri. Mzee naye hakwenda Dar es Salaam. Sijui kama angepona huko, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba hakujaribu. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba ukikitunza kitu, nacho kitakutunza. Nani aliwahi kuhakikisha? Nimewaona wenzangu waliosoma wakirudi kulinda mashamba wasiyoyalima, na wengine wakirithi hata uhasama ambao hawajui ulianzaje, na wote tunawapongeza kwa heshima yao. Kila mtu anataka kumbukumbu iwepo, mradi mgongo unaoibeba si wake.

Siku ya matanga, dada yule wa Mwamgongo alimshika mkono binti wa marehemu mbele ya wanawake wote. "Sasa mama, gari la babu yako liko kwako. Ulitunze kama baba yako."

Binti hakuutoa mkono wake. "Shangazi, gari litauzwa. Kama mtanikasirikia, nikasirikieni leo, machozi yakiwa bado yapo."

Shangazi alivuta kanga akajifunika uso, akalia kwa sauti, na hakuna aliyejua analia nini. Hakusema ndiyo, wala hakukataa tena.

Nimewaza maneno ya kumwambia mzee wangu, nimeyakosa, kwa hiyo nawaambia ninyi mlio hai. Ukimwachia mtoto wako kitu cha kutunza, mwambie pia, kwa kinywa chako, siku atakapoweza kukiacha. Usipomwambia wewe, hakuna mwingine atakayeweza.