Babu wa Meta Mbili na Nusu

Kila masika mlango wa nyumba yetu huvimba, na ukiusukuma unakwaruza saruji kwa mlio wa kuumiza meno. Mume wangu anataka tuurande. Mimi nakataa, na sababu nawaambia ninyi tu.

Mlango huu ulianza kazi katika nyumba nyingine, ile iliyokuwa karibu na ziwa, kabla Tanganyika halijapanda na kuingia sebuleni bila kupiga hodi. Papa, baba yangu, alifanya kama majirani wote: alishusha mabati, akang'oa mlango, akajitwika kichwani kuelekea upande wa mlima. Huko Uvira hakuna anayeyaachia maji mlango mzuri. Kuta zilibaki, zikaanguka.

Papa alipopata kiwanja kipya, nyanya, mama yake, aligoma. Macho yake yalikuwa yameanza kuzima. Katika nyumba ya zamani alitembea kwa mkono: anashika fremu ya mlango, anapapasa ukuta, mpaka vidole vikutane na dirisha, hapo anaketi kusikiliza wavuvi wakirudi.

"Minye sitaingia mu nyumba yenye mikono yangu haijue," alisema. "Munipeleke Katogota kwa dada yangu."

Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Siku ile chakula kilinishinda.

Bahati nzuri shuleni tulikuwa kwenye maumbo yanayofanana. Mwalimu alituambia kwamba ukijua upande mmoja wa umbo dogo, na upande huohuo wa umbo kubwa, utajua kubwa limezidi mara ngapi, na pande zote nyingine zimezidi vilevile. Hesabu na mimi hatukuwa marafiki, lakini hilo lilinishika. Kwa maana ndani ya Biblia ya nyanya kulikuwa na picha ya nyumba yetu ya zamani, imepigwa kwa mbele kabisa. Mlango ulionekana wote.

Nilichukua rula. Kwenye picha mlango ulikuwa sentimita nne. Nikaenda kuupima mlango wenyewe, umeegemezwa kwa jirani: meta mbili. Mara hamsini! Kutoka mlangoni hadi dirishani, sentimita tatu za picha zikawa meta moja na nusu. Kutoka chini hadi dirishani, sentimita moja na nusu zikawa sabini na tano. Papa alinitazama, akacheka, halafu akachukua kamba akapima kiwanjani vile nilivyomwambia, ili mlango na dirisha vikae kama zamani.

Kichwa kilinivimba kuliko mlango. Nikampima na babu, aliyesimama pichani na ambaye sikuwahi kumkuta hai. Sentimita tano. Nikamkimbilia nyanya.

"Nyanya, babu alikuwa na meta mbili na nusu!"

Alicheka mpaka akashika mbavu, mara ya kwanza tangu maji yalipotutoa. "Sasa alikuwaka anaingia namna gani mu ile mlango? Anatambaa?"

Kisha akanieleza. Mpiga picha alikuwa amempa yeye, nyanya, ajaribu apareyi yake ya kupigia picha, na babu, aliyewekwa mlangoni, hakuweza kutulia. "Akaacha mlango, akanifuata: 'Leta, utaiangusha!' Njo maana iko mukubwa. Alikuwa amefika karibu yangu."

Basi nikaelewa. Hamsini yangu ilifaa vitu vya ukutani tu, na babu alikuwa ameuacha ukuta. Niliona aibu, nikamwambia nitapiga hesabu upya, kana kwamba babu hakutoka mlangoni.

"Weye, umuache palepale," alisema nyanya. "Sema tena, alikuwa na ngapi?"

"Meta mbili na nusu."

"Njo vile."

Nyumba ilipokwisha tulimleta. Alishika fremu, akapapasa ukuta polepole, na mimi nyuma yake sipumui. Vidole vikagusa dirisha.

"Iko hapa," alisema, akaketi. Katogota hakuitaja tena, na usiku ule nililala mgongoni pake kama kawaida.

Miaka mingi nilidhani alinihurumia tu kwa kosa langu. Nyanya hayupo sasa; nyumba nimebaki nayo mimi, na mlango huu sitaki upungue hata sentimita. Mimi nimeolewa, nimezoea mtu wa kunifuata jikoni akisema leta, utaiangusha. Ndipo nimeelewa kwamba hakutaka nimrudishe babu mlangoni.