Theluji ya Sebuleni

Juzi, nikipanga kabati la mama, nilikuta koti zito la sufi ambalo hatukumrudishia shangazi. Lilikuwa bado linanuka dawa ya nondo. Nikakaa nalo kitandani.

Mwaka tulioliazima, mimi bado mdogo, baba alikuwa keshaamua: tutakwenda milima ya Lubnani kuteleza kwenye theluji. Hoteli ya rahisi keshaipata, na makoti tumeazima kwa shangazi aliyesoma Urusi.

Mama ndiyo kwanza karudi kazini hospitali, miguu imemvimba.

"Nnateleza bafuni bure kila siku," alisema. "Leo nende nkalipie tiketi?"

"Kwanza tuonje baridi yenyewe," baba akajibu.

Akafunga mapazia, akawasha kiyoyozi mpaka mwisho, akatuvisha makoti, tukakaa chini sebuleni. Nje, mtaa wetu wa Azaiba mzima ulikuwa unaungua kwa jua. Kiyoyozi kilivuma, mikono ya koti ilinipita vidole, na chai ya tangawizi ilifuka moshi mbele ya uso wangu. Nikajua tushafika.

"Mama, hii ndiyo Lubnani?"

Nikamgeukia. Alikuwa kalala, kola imemfika puani, anakoroma polepole.

"Usimwamshe," baba alininong'oneza.

Skuli niliwahadithia wenzangu kuwa tumekwenda na tumerudi. Safari yenyewe haikuwa. Kila mwaka ilisogezwa mbele, mpaka ikaacha kutajwa. Siku hizi na mimi narudi kutoka kazini kila jioni, nyumbani kwangu Amerat, miguu imenivimba vilevile, na najua sikuwadanganya sana. Mmoja wetu alifika, usingizini ndani ya koti.