Hazina Mbili

Nilipostaafu, Mungu alinipa kazi ya kutunza kompyuta za kanisa letu hapa Migosi. Ni nne tu. Kila moja ina namba yake ndefu, na karani wetu, mama wa kutoka Sondu, alikataa kuzikariri namba hizo. Kwa hiyo niliingia kwenye ruta, kile kisanduku kinachoziunganisha mashine zote, nikaandika orodha ya majina na namba zake. Mashine yenye rejista ya ubatizo niliiita Hazina. Ukiandika hazina, ruta inakupeleka kwenye namba yake.

Hazina ikafa. Fundi alithibitisha, akaondoka nayo. Tukapata nyingine, tukahamishia nakala ya rejista, na kwa kuwa kwetu mtoto hupewa jina la aliyekwisha kuzikwa, nikairithisha jina. Namba ya marehemu sikuifuta kwenye orodha. Niliona si adabu kuharakisha. Rejista ikawa inasitasita kufunguka, tukavumilia. Karani alimalizia kunakili kwenye mashine mpya kurasa za zamani za kitabu cha ubatizo, kisha kitabu chenyewe kikapelekwa mjini kutiwa jalada jipya.

Siku moja fundi akairudisha Hazina ya kwanza, nzima kabisa, akaichomeka mahali pake. Tulimshukuru Mungu.

Alhamisi alikuja mzee wa Pap Onditi na bintiye. Harusi ya binti ilikuwa Jumamosi, na padri hafungishi ndoa bila cheti cha ubatizo. Karani akatafuta.

"Hayumo, Mzee."

"Hayumo vipi? Nilimbeba mwenyewe! Alimkojolea padri!"

"Hilo nalo halimo."

"Baba," binti akasema, "ng'ombe ulishapokea."

Mzee akakaa chini.

Padri alichungulia mlangoni, akatukumbusha kwamba mtu habatizwi mara mbili, akaenda zake.

Nilijaribu kwenye mashine yangu. Binti yumo. Nikarudi kwa karani. Hayumo. Niliomba kidogo, ndipo nikaikumbuka orodha: jina moja, namba mbili. Ruta ilikuwa ikigawa wageni kwa haki, huyu kwa mrithi, yule kwa aliyefufuka, naye hakujua lolote lililoandikwa akiwa amekufa.

Ile ya kwanza nikaiita Mstaafu. Mpya nikaiachia Hazina, na kuiongezea lakabu, rejista, ili siku ikifa tuhamishe lakabu peke yake. Nikazima mashine ya karani, nikaiwasha, ili isahau namba ya zamani.

"Yumo," akasema, akachapa cheti.

Mzee alikisoma cheti chote, mbele na nyuma.

"Na kukojoa?"

"Hakuna nafasi, Mzee."

Akakikunja, akampa bintiye.