Kipandio cha Sajini na Koplo

Wapo watu ambao wivu huwajia kama mafua, ukawasumbua wiki moja kisha ukawaacha. Marsela hakuwa mmoja wao. Wa kwake ulikaa, ukala, ukanenepa, na sababu yake ilikuwa Germana.

Germana alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe Josephati, mjane ambaye watoto wake wote walikuwa na miji yao huko Mbulu. Watu walipohamishiwa vijijini katikati ya miaka ya sabini, hapa Ganako viwanja viligawiwa kwa mstari, na Marsela akajikuta mlango wake unatazamana na mlango wa wifi. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Tangu siku hiyo Josephati, fundi seremala aliyeitwa mpaka kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, hakurudi tena nyumbani moja kwa moja. Alianzia kwa dada. Akifika kwake anakuta ugali na maharage mezani, anashika tumbo na kusema, "Nimeonja kidogo pale kwa dada." Kuonja gani huko kwa sahani mbili! Marsela anafunika chakula, ananuna, na kesho yake anapika tena.

Mume aliweza kumvumilia. Paka ndio waliomshinda.

Walikuwa wawili, ndugu wa uzao mmoja, Sajini na Koplo. Josephati aliwaleta wangali wadogo kutoka kazini kule juu, ukingoni mwa kreta, ambako mama yao, paka wa jikoni, alikuwa na tabia ya kupotea msituni na kurudi na mimba. Marsela aliwalea kwa maziwa ya ng'ombe wake, akiwalambisha kidoleni. Wakakua mpaka wakapitiliza. Miguu mirefu, mikia minene yenye pete nyeusi, na kila mmoja uzito wa mtoto anayetambaa. Kukaa chini hawakukujua. Walitaka juu, na nyumba ya Marsela haikuwa na juu.

Ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote kwenye mstari, hilo nalo lisemwe lisisemwe. Josephati aliiezeka bati, akamwaga sakafu ya saruji, akapiga lipu kuta mpaka zikateleza, akaziba kwa silingi kila mahali palipokuwa na nafasi. Paka walijaribu kupanda pazia, pazia likachanika, wakachapwa fagio. Kwa Germana mambo yalikuwa mengine. Yeye alikataa vya kisasa, akajengewa nyumba kama ya mama yake: nguzo nene zenye magamba yake, boriti wazi, na juu ya boriti dari la miti la kuwekea mahindi. Kiangazi kilipoanza, Sajini na Koplo wakavuka njia, wakapanda, wakakaa.

"Wifi, watoto wako wamenitembelea," Germana aliita kutoka mlangoni kwake huku akicheka. Nyuma yake Koplo alikuwa amejilaza juu ya boriti, miguu minne ikining'inia.

"Wakarimu wageni wako, wifi," Marsela alijibu, naye akacheka. Meno yalicheka. Moyoni alikuwa akiuliza ni mgeni gani huyo anayelala mwezi mzima. Aliwaita kwa maziwa, wakaja, wakanywa, wakajifuta ndevu, wakarudi walikotoka. Sawasawa na baba mwenye nyumba! Siku hiyo Marsela alikaa kwenye kizingiti chake akajiambia anataka jambo moja tu duniani: kiumbe chochote chenye uhai kitoke kule kije kulala kwake kwa hiari yake.

Akaamua kuwajengea juu yao.

Hakumwomba mumewe. Alichukua mabaki ya mbao yaliyopangwa nyuma ya banda, akachukua msumeno na nyundo, akaanza kuunda kipandio cha paka. Miaka yote ya kumshikia Josephati ncha ya ubao ilikuwa imemfundisha zaidi ya alivyodhani. Ila alikosea kosa la mke wa seremala: alitaka kipendeze. Akakipiga randa, akakipiga msasa, akakipaka vanishi mpaka kikang'aa. Sajini alipoletwa mikononi na kuwekwa juu yake, kucha zilikwaruza, zikakosa pa kushika, akateleza. Kwenye kuruka akakisukuma chote kikaanguka kwa kishindo. Paka wote wawili wakakimbilia nje kupitia dirishani.

Josephati aliokota ubao mmoja, akaugeuza. "Hii ni meza ya mwalimu au nini, mke wangu?"

Kama hangetaja kwamba huko kwa dada paka wamelala vizuri tu, pengine mambo yangeishia hapo.

Kesho yake Marsela alivuka njia kwenda kuomba kaa la moto, ingawa moto wake ulikuwa unawaka. Alikaa muda mrefu kwenye kigoda cha Germana, akasifia viazi, akauliza habari za wajukuu, na macho yake yote yako juu. Akaona kwamba paka hawa hawapandi kwenye laini; wanapanda kwenye magamba. Akaona hawaruki mbali kwa pigo moja ila wanakata safari, kituo hapa, kituo pale. Akaona kwamba wakilala wanajinyoosha, kwa hiyo ubao wa kulalia usipungue urefu wa paka mzima. Koplo aliposhuka kujisugua miguuni, Marsela alimpima kwa upindo wa khanga yake, toka pua hadi mwanzo wa mkia, akafunga fundo. Germana alidhani anambembeleza.

Safari hii alikwenda kukata mzeituni wa porini, mti mgumu usiochezewa na shoka, wenye mapanda matatu. Magamba hakuyagusa. Chini alifunga magogo mawili kwa msalaba, mapana, kisha akazungushia kisanduku na kukijaza mawe mpaka yeye mwenyewe akashindwa kukisukuma. Vibao vya kupandia alivipachika kwa kupishana, kulia na kushoto, kila kimoja na ukingo mdogo ili anayelala asiviringike. Misumari iliyotokeza upande wa pili aliikunja na kuipiga ikalala, akapitisha kiganja chake juu ya kila mmoja. Nguzo aliizungushia kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, kwa ajili ya kucha. Mwisho alitoboa matundu mawili juu kwa keekee, akapitisha waya, akaufunga kwenye mhimili wa ukuta. Halafu akakijaribu: alitundika debe la mahindi kwenye panda la juu, akalivuta, akaliyumbisha, akajining'iniza na yeye. Kipandio hakikulia hata mlio.

Josephati aliporudi, Marsela alisimama kando, mikono kwenye khanga, akingoja. Fundi alikishika kwa mkono mmoja, akakitikisa.

"Hm," akasema. Akatoka kwenda kula kwa dada yake.

Lakini paka walirudi. Sajini alikuja kwanza, akanusa katani, akachomeka kucha, akavuta, na mara moja alikuwa juu kabisa akiwaangalia watu kama bwana shauri wa enzi za mkoloni. Koplo akamfuata. Wakafukuzana juu na chini mpaka vumbi la magamba likaanguka mezani, na Marsela hakushika fagio. Alikaa chini yao akicheka peke yake. Kule ng'ambo mlango wa Germana ulikuwa wazi na ndani kimya. Marsela aliuona huo ukimya, na kwa kweli ulimnogea.

Haukupita muda panya wakaingia kwenye mahindi ya dari la Germana. Mwenyewe akavuka njia, akakizunguka kipandio akikipapasa.

"Wifi, umejaliwa mikono. Nitengenezee na mimi, nikiweke palepale chini ya dari, wasisahau kuja kwangu."

Marsela angeweza kukataa, lakini Josephati alikuwa amekaa hapo hapo. "Mfanyie dada," alisema. Na siyo kusema tu. Asubuhi yake, kabla ya kwenda kazini, aliingia msituni mwenyewe kuchagua mti, akauleta begani, akamkatia mkewe vibao vyote kwa kipimo. Alikuwa anapiga mluzi. Kwa kile cha Marsela alikuwa ametoa "Hm" moja. Kwa cha dada, mluzi.

Marsela alifanya kazi siku ile mpaka jioni. Alisokota katani, akapachika vibao, akatoboa matundu mawili kwa keekee. Kesho yake asubuhi, alipokwenda kukisimamisha kwa Germana, waya aliuacha nyumbani, na mawe hakuyaweka. Sakafu ya wifi ilikuwa ya udongo, angeweza hata kuichimbia nguzo. Hakuchimba.

"Nimekiacha hivi ili uweze kukihamisha ukifagia," alimwambia.

"Ahsante, wifi yangu. Mungu akuzidishie."

Njiani kurudi alijieleza mambo. Paka haumii akianguka, kila mtu anajua. Watapanda, kitayumba, watashtuka, na paka akishtuka mahali harudi tena. Basi. Hapo kuna ubaya gani? Wapo wanaoroga! Yeye hakuroga mtu. Alirudi akapika, na akaweka chumvi mara mbili.

Siku hiyo Josephati alirudi mchana, kazi ilikosa mbao. Akaketi, na ajabu, akavuta sahani yake mwenyewe.

"Dada sikupita, ila nimemkuta njiani anatoka kuteka maji," alisema, akimega tonge. "Amefurahi, hujaona. Anasema sasa hata yeye amepata cha kupandia darini. Ule mti wake wa ngazi umeoza, alikuwa ananisubiri mimi nimletee mwingine. Nikamwambia, mke wangu kakijenga, hicho kinambeba mtu. Kile chako kilinibeba mimi. Nilikijaribu siku hukuwepo."

Tonge la Marsela lilibaki mkononi. Mti wa ngazi! Kila nyumba ya namna ile ilikuwa nao, nguzo iliyochongwa vikanyagio, imeegemezwa kwenye dari, na wanawake wakipanda na vikapu vyao tangu wasichana. Yeye mwenyewe alipanda mti kama huo kwa mama yake kila siku ya Mungu. Na alikuwa amejenga nguzo yenye vikanyagio, akaisimamisha chini ya dari, akaiacha hapo. Mwanamke gani wa hapa asingeweka mguu?

Aliondoka mbio bila viatu. Alivuka njia, akaingia kwa wifi bila kubisha hodi. Kuelekea dari, juu ya kibao cha tatu, ilikuwepo miguu ya Germana, visigino vyenye nyufa, na kikapu kimetangulia. Nguzo ilikuwa imeanza kuinama kuja mlangoni. Marsela aliirukia, akaikumbatia kwa mikono yote miwili, akabana magogo kwa magoti. Mbao zililia. Juu yake mwili wote wa wifi uliyumba, ukasimama, ukapanda kibao kingine, na kingine, ukaingia darini. Sajini, aliyekuwa amelala kwenye boriti, alifumbua jicho moja.

"Nani huyo?" Germana aliita kutoka kwenye mahindi.

"Mimi, wifi."

"Umekuja kunishikia? Nilihisi kama kinacheza."

Marsela alizidi kubana magogo. Nyuma yake Josephati alikuwa ameingia, tonge bado limemjaa mdomoni. Fundi hakuhitaji kuelezwa. Alitazama chini pasipo na mawe, akatazama juu kwenye yale matundu mawili, safi, yaliyotobolewa kwa waya ambao haukuwepo. Akayatazama muda mrefu. Siku zote za ndoa yao Marsela alikuwa amemngoja aiangalie kazi yake hivyo, tundu kwa tundu.

"Umesahau waya," Josephati alisema taratibu. Sauti yake ilikuwa inamwomba akubali.

Marsela angeweza kukubali. Neno lilikuwa jepesi, na mumewe alikuwa amempa bure. Lakini wivu wote aliokuwa ameulisha miaka hiyo ulikuwa unatafuta pa kutokea.

"Sikusahau," alisema. "Nilikuwa sitaki waje huku. Paka. Na wewe. Sikutaka mtu yeyote aje huku tena."

Juu, mahindi yaliyokuwa yakichaguliwa yaliacha kugongana. Josephati alisogea ashike nguzo, na Marsela akatikisa kichwa kumkataza, akazidi kukumbatia.

Kikapu kilishushwa kwanza kwa kamba, kikatua karibu na goti lake. Kisha mguu wa Germana ukatokea ukingoni mwa dari, ukapapasa hewani, ukakipata kibao cha juu, ukatulia hapo bila kukanyaga.

"Basi kishikilie vizuri, wifi," Germana alisema. "Nashuka."